Madirisha Kumi na Nane

Tuanze na bei, kwa sababu hapo ndipo watu wa nyumbani huacha kuniamini. Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, fundi wa bei ya chini tuliyempata alitaka dola 750 kubadilisha dirisha moja. Kampuni yenye matangazo mazuri ilianza na dola 1,900. Shika ile ndogo, zidisha kwa 129. Hiyo ni shilingi 96,750. Dirisha moja, bila pazia. Kwa pesa hizo fundi wa jua kali pale Engineer, Kinangop, atakuchomelea madirisha ya nyumba nzima ya vyumba vitatu, atie grili, apake rangi ya kuzuia kutu, na bado abaki na ya chai.

Nyumba ya dada yangu ina madirisha 18.

Nilihamia kwake Agosti 2022 nilipokuja kusoma, na chumba nilichopewa ni kile cha juu kabisa, chini ya paa. Agosti ya Minneapolis inaweza kukutoa jasho kama Mombasa. Niliona yale madirisha marefu ya mbao, yenye kioo cha zamani kinachofanya mti wa nje uonekane kama uko chini ya maji, nikamwambia dada hii nyumba ni noma. Akacheka tu. "Ngoja Januari," akasema. "Utajua kwa nini watu wa huku huongea hali ya hewa asubuhi mpaka jioni."

Nyumba ilijengwa 1926. Dada aliinunua 2021, wakati riba ya mikopo ya nyumba ilikuwa karibu asilimia 3, baada ya miaka minane ya kufanya kazi ya usiku katika makao ya wazee. Kazi yenyewe ni kugeuza watu vitandani, kuwaosha, kuwapa uji, kuwasikiliza. Kila dola ya ile deposti ameiinua kwa mgongo. Kwa hiyo ukisikia nikiongea kuhusu madirisha kama mtu anayeongea kuhusu ng'ombe wa mahari, nielewe.

Dirisha la 1926 ni mashine. Lina vipande viwili vya mbao na kioo, kimoja juu na kingine chini, na cha chini hupanda na kushuka. Ndani ya ukuta, pande zote mbili, kuna vyuma vizito vimening'inizwa kwa kamba inayopita kwenye kapi, vinasawazisha uzito kama mizani ya sokoni, ndiyo maana mtoto anaweza kuliinua dirisha zito kwa mkono mmoja. Aliyebuni hiyo kitu alikuwa kichwa. Shida ni kwamba vile vyuma vinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka, na nafasi hiyo ni tundu refu tupu ndani ya ukuta. Baridi ya nje inaingia humo, inatulia kama mpangaji, halafu inatokea sebuleni kupitia kila ufa.

Na baridi tunayoongea hapa si ile ya Limuru. Tarehe 30 Januari 2019, kabla sijafika, Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na upepo ukaifanya ngozi ihisi mbaya zaidi ya hapo. Dada anakumbuka kwamba siku hiyo kope za macho ziligandana akiwa anatembea kutoka kwa gari hadi mlango wa kazini. Kwenye baridi kama hiyo, barafu huota upande wa ndani wa kioo. Ndani ya nyumba! Unaamka, unavuta pazia, pazia limeshikana na dirisha.

Nyumbani Kinangop baridi tunaijua. Julai umande unaganda na kuchoma viazi shambani. Lakini madirisha ya Mama ni chuma na kioo kimoja chembamba, juu yake matundu ya hewa yasiyofungwa mwaka mzima, yenye wavu wa mbu ambao hauna mbu wa kuzuia. Hakuna anayeyalaumu. Baridi ikija, unaongeza sweta, unasogelea jiko, unamimina chai. Sisi hupasha watu joto, nyumba inajitegemea. Minnesota huwezi. Usipopasha nyumba yenyewe, maji yanaganda ndani ya mabomba, mabomba yanapasuka, na hasara yake ni kubwa kuliko bili uliyokuwa unaikwepa. Kwa hiyo kuanzia Oktoba hadi Aprili ile tanuri ya gesi chini ya nyumba inanguruma, na wewe unalala ukiisikiliza jinsi unavyosikiliza mita ya teksi.

Kila Novemba tulikuwa na ibada yetu. Unanunua karatasi ngumu ya nailoni, inauzwa kwa dola kama 20 kwa madirisha machache, unaibandika kwenye fremu kwa gundi ya pande mbili, halafu unaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka inakazika kama ngoma. Inasaidia, sitadanganya. Lakini chumba kinabaki na mwanga wa mtu aliyefungiwa ndani ya mfuko wa mkate, na upepo ukivuma ile nailoni inavuta pumzi, inaingia, inatoka, usiku kucha.

Dada hulala mchana. Anatoka kazini saa moja asubuhi, anamfikisha mwanawe kwa yaya, anarudi, analala kando ya dirisha lake hilo, amevaa kofia ya sufu. Novemba 2024 alichoka. Alipoona tangazo la kampuni moja ya madirisha, makadirio ya bei bure, alipiga simu.

Mtu wa mauzo alifika Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Alikuwa mkarimu, hilo lazima niseme. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimsifu mpwa wangu, akasifu harufu ya chapati, akauliza Kenya ni upande gani wa Afrika na akasikiliza jibu. Kisha akafungua begi lake, akatoa taa ya joto na vipande vya kioo, akamwambia dada aweke mkono nyuma ya kioo cha kawaida. Moto. Nyuma ya kioo chake, akahisi karibu si kitu. Dada aliweka mkono mara tatu.

Nilijua kidogo kilichokuwa kikiendelea, maana nilikuwa nimesoma usiku uliotangulia. Huku dirisha linapimwa kwa namba inayoonyesha joto linavuja kwa kasi gani. Namba ikiwa ndogo, dirisha ni zuri. Kioo kimoja kitupu kinakaa karibu na 1. Ukiongeza dirisha la pili la kinga kwa nje, kama tulivyonayo, unakaribia nusu ya hiyo. Vioo viwili vya kisasa, vyenye gesi ya agoni katikati na mpako mwembamba sana wa metali usioonekana, vinafika karibu 0.28. Vioo vitatu, karibu 0.18. Ni maendeleo makubwa. Lakini ukuta wa kawaida uliojazwa vizuri pamba ya kuzuia baridi unakaa chini ya 0.1. Yaani hata dirisha la bei ghali kuliko yote bado ni ukuta mbovu. Hiyo sehemu bwana wa taa hakuifikia.

Ile taa yenyewe ina ujanja wake. Inaonyesha jinsi kioo kinavyozuia joto la mng'aro kama la jua la mchana. Shida yetu sisi ilikuwa Januari usiku, hewa ikipita pembeni ya fremu. Hakuna taa ya kuonyesha hilo.

Saa mbili na nusu bado hajataja bei. Mtoto amelala, chapati zimepoa. Mwishowe akaandika kwenye karatasi: dola 34,600. Akanyamaza, akaiacha namba ifanye kazi. Halafu akaikata kwa kalamu, kwa sababu kulikuwa na ofa ya Novemba: 27,800. Dada akasema hana hizo pesa. Akaomba ruhusa ampigie meneja wake, akatoka nje kwenye baridi kuongea, akarudi akisugua mikono, uso umejaa habari njema. Dola 22,900, lakini usiku huu tu, kwa sababu kuna wafanyakazi wana nafasi mwezi ujao na meneja anataka kuwajaza. Zikigawanywa kwa miaka 10, ni dola 302 kwa mwezi. "Madam," akasema, "hiyo ni dola kumi kwa siku. Ni kahawa mbili."

Sikupenda ile kahawa. Dada hanywi kahawa ya kununua. Hubeba chai kazini kwa thamosi.

Alitia sahihi saa tatu kasoro. Mimi nilikuwa nimesema mara mbili tulale tuifikirie, na mara ya pili alinigeukia, akaongea Kikuyu ili mgeni asielewe: wewe hulipi mkopo wa nyumba hii, na hujalala mchana kwenye kile chumba hata siku moja. Alikuwa sawa kwa yote mawili. Mgeni alipoondoka, dada alikaa pale mezani na nakala yake ya mkataba. "Miaka kumi na moja navaa koti," akasema. "Nikiwa kwa basi, navaa koti. Kazini wazee wanasikia baridi, wanasikia joto, mimi navaa na kuvua. Hii ni nyumba yangu. Nataka kukaa na tishati ndani ya nyumba yangu."

Sasa mtu akikwambia hivyo, utamjibu na hesabu gani?

Hesabu nilifanya hata hivyo, peke yangu, chumbani kwangu chini ya paa. Gesi ya mwaka mzima ilikuwa inamgharimu kama dola 1,300. Tuseme madirisha mapya yanaokoa robo nzima ya hiyo, na huo ni ukarimu mkubwa. Ni dola 325 kwa mwaka. Gawanya 22,900 kwa 325: miaka 70. Ukiweka riba, dola 302 mara miezi 120 ni kama 36,200, na hapo unahitaji zaidi ya miaka 110. Dirisha la vinili ukilitunza litaishi 20, labda 30. Kumbe tungeyanunua mara nne kabla hayajajilipa. Bwana wa taa alikuwa pia amesema serikali itarudisha asilimia 30 kwenye kodi. Ni kweli sheria ilisema asilimia 30, lakini kwa madirisha ilikuwa na kikomo cha dola 600 kwa mwaka. Hakusema uongo, alisimama tu mahali pazuri kwake. (Punguzo lenyewe lilikufa tarehe 31 Desemba 2025, kwa hiyo anayenunua leo hana hata hizo 600.)

Ile namba 302 ndiyo ilinikosesha usingizi. Dada hutuma nyumbani dola 300 kila mwezi. Sizidishi chumvi ili hadithi ipendeze. Ni 300, inaenda kwa simu ya Mama kila tarehe mbili, na Mama huigawa: dawa za presha, karo ya mdogo wetu aliye chuoni Thika, kijana wa kukamua ng'ombe, kanisa. Sikumwambia dada kwamba namba hizo mbili ni mapacha. Yeye ndiye huituma. Alikuwa ameziona kabla kalamu haijagusa karatasi.

Ijumaa habari ikafika kwenye grupu ya familia, kwa sababu dada mwenyewe aliandika, nadhani akitafuta mtu wa kumwambia hongera. Mjomba akajibu wa kwanza: "Kwani hizo madirisha ziko na dhahabu?" Binamu mmoja akapiga hesabu, karibu milioni tatu, akauliza kama hajui ploti Kamulu zinaenda ngapi. Mwingine akatuma picha ya gunia limepigiliwa misumari kwenye dirisha, na vicheko kumi na viwili. Dada hakujibu. Watu wa nyumbani wanaona dola, hawaoni baridi, na watu wa huku wanaona baridi, hawaoni Thika. Yeye amekaa katikati na kofia ya sufu.

Mama hakuandika kwenye grupu. Alituma ujumbe wa sauti, kwa dada peke yake, na dada akanichezea Jumamosi asubuhi jikoni. Kwanza alikohoa, kama kawaida, halafu akasema: "Mwanangu, funga hayo madirisha. Mtoto asilale kwa baridi. Hizi pesa unatuma, wacha kidogo. Hata mwaka. Tutauza yule ng'ombe mdogo, na dawa wanapeana hospitali ya kaunti siku zingine. Mimi baridi naijua. Funga."

Dada aliucheza mara mbili. Kisha akaenda chumbani, akarudi na mkataba, akanisukumia. "Pale nyuma," akasema, "uliniambia kuna karatasi ya kukatiza."

Ipo. Marekani, ukitia sahihi ya mauzo ya namna hii nyumbani kwako, sheria inakupa siku tatu za kazi kuvunja mkataba bila kutoa sababu, na muuzaji lazima akuachie fomu yake. Jumamosi inahesabika kama siku ya kazi, Jumapili hapana. Alhamisi usiku hadi Jumatatu saa sita usiku. Ofa yao ilikuwa ya usiku mmoja. Sheria iliweka tatu juu yake, maana inaonekana kuna mtu bungeni aliwahi kutembelewa na bwana wa taa. Tulijaza, tukapiga picha kila ukurasa, tukaenda posta kabla haijafungwa saa sita mchana, tukatuma kwa barua ya kusajiliwa. Jumatatu walipiga simu mara sita. Mara ya nne bei ilikuwa imefika 19,500.

Nilidhani mambo yameisha hapo. Dada ndiye hakukubali yaishe. Alisema kama si yale madirisha yote, basi lazima kuwe na kitu, kwa sababu koti hataki.

Desemba tukaita watu wa ukaguzi wa nishati. Walifunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, wakazima tanuri, wakavuta hewa yote nje ili nyumba inyonye kutoka kila tundu ililo nalo. Hapo ndipo unaambiwa ukweli. Mkaguzi, mama mmoja mtu mzima mwenye kamera ya kuonyesha joto, alitutembeza chumba kwa chumba. Madirisha yalionekana ya buluu, ndiyo, pembeni kote. Lakini alipoielekeza kamera juu, dari ya chumba changu ilikuwa buluu tupu. Hewa moto hupanda, akaeleza, inatokea darini kama moshi kwenye bomba, na inapotoka juu inavuta baridi iingie chini. Ule upepo unaouhisi dirishani sebuleni, sehemu yake kubwa unavutwa na tundu lililo juu ya kichwa cha kaka yako. Mimi nilikuwa nalala chini ya shimo.

Kuziba nyufa za darini na kujaza selulosi, dola 2,400 baada ya punguzo la kampuni ya gesi. Dada akachukua zamu nne za ziada. Januari walikuja na lori na bomba nene, wakamaliza siku moja. Wiki ile ile nailoni ya sebuleni ikaacha kupumua.

Tungeachia hapo, nadhani, kama si kliniki.

Huku mtoto akifika mwaka mmoja, na tena miaka miwili, hutolewa damu kidogo kupima madini ya risasi. Mpwa wangu alikuwa ametimiza miwili. Nesi akapiga simu: mikrogramu 4 kwa kila desilita. Wataalamu wa afya wa serikali kuu wanataka mtoto yeyote mwenye 3.5 au zaidi afuatiliwe. Kiswahili chetu kina jina moja, risasi ya bunduki na risasi ya rangi, na siku hiyo sikuona kosa. Hiyo sumu inaingia kwenye ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wakenya tuna Owino Uhuru, Mombasa, ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga risasi juu ya kijiji kizima, na mahakama mwaka 2020 ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sisi hatukuwa na kiwanda. Tulikuwa na madirisha.

Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Nyumba ya 1926 ina nusu karne ya rangi hiyo, tabaka juu ya tabaka. Ukutani, ikifunikwa vizuri, inalala. Dirishani haiwezi kulala, kwa sababu kila ukiinua na kushusha, mbao inasaga mbao na rangi inakuwa vumbi. Vumbi linatua kwenye kizingiti cha chini. Na pale chumbani kwake, kizingiti kiko sawasawa na kidevu cha mtoto wa miaka miwili anayependa kuangalia magari ya kuondoa theluji.

Katika yale masaa matatu ya taa na kahawa mbili, neno risasi halikutajwa hata mara moja.

Yule fundi wa dola 750 alirudi kuangalia. Alikuwa na haraka na bei nzuri, 13,500 kwa yote kumi na nane. Dada akamwomba cheti. Tangu 2010 anayelipwa kugusa rangi kwenye nyumba za kabla ya 1978 lazima awe amefunzwa na kusajiliwa: afunge chumba kwa nailoni, aloweshe anapokwangua, asafishe kwa mashine maalumu, akupe kijitabu. Fundi akasema wao huwa waangalifu tu. Dada akamshukuru, akampa chai, akamsindikiza mlangoni.

Tuliishia na mafundi wenye cheti, dola 1,180 kwa dirisha, na madirisha matano: mawili ya mtoto, mawili ya dada, na moja la ngazini ambapo mtoto hupenda kukaa. Jumla 5,900. Walikuja Mei 2025, wakakaa siku mbili wakiwa wamevaa kama watu wa Ebola. Vile vyuma vizito vya 1926 walivitoa ukutani na kamba zake, wakavilaza kwenye nyasi viwili viwili, na lile tundu wakalijaza povu. Nilibaki na kimoja. Kina kutu na kina uzito wa mtoto mchanga, kinashikilia mlango wangu usijifunge.

Agosti damu ya mpwa wangu ilikuwa chini ya 2. Mpaka leo tunafuta vizingiti vya yale madirisha mengine 13 kwa kitambaa chenye maji kila Jumapili, na hayafunguliwi. Dada ameyabandika namba kwa tepu, la jikoni ni namba moja, na ana bahasha.

Bili ya gesi ya Januari 2026 ilikuja 161. Januari iliyotangulia ilikuwa 214. Baridi hazilingani, kwa hiyo siweki mkono juu ya Biblia, na sehemu kubwa naipa dari. Lakini Jumanne moja nilirudi mapema kutoka chuo, nikamkuta dada amelala mchana na mlango wazi. Hana kofia. Mkono mmoja uko nje ya blanketi, umegusa ukuta chini ya dirisha.

Pesa za tarehe mbili hazijawahi kukatika. Yule ng'ombe mdogo amezaa.

Mama alipiga simu Julai, baridi ya Kinangop imekaza, akataka kujua kama naye aite fundi aje kuziba yale matundu juu ya madirisha, kwa sababu sasa ameelewa habari za hewa kuingia. Dada karibu aangushe simu. "Mama, usiyaguse! Unalala na jiko la makaa ndani, moshi utaenda wapi? Hayo matundu ndiyo yanakuweka." Mama akasema sawa, sawa, haya basi, alikuwa anauliza tu. Akauliza mtoto anakula. Akauliza mimi namaliza shule lini, mbona hii shule haiishi. Halafu akauliza yale madirisha, moja lilikuwa ngapi mwishowe.

Dada aliniangalia, akamtajia nusu.

"Ngai," Mama akasema. "Pesa zote hizo?"